Masasisho ya programu dhibiti katika vigeuzi vya sauti

'''Masasisho ya programu dhibiti katika vigeuzi vya sauti''' ni mabadiliko yanayofanywa katika programu ya ndani ya kifaa kinachogeuza namba za muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti. Kifaa hicho hujulikana sana kwa kifupi chake, DAC. Nyumbani huwekwa kati ya chanzo cha muziki, kama vile kompyuta, simu au kicheza CD, na amplifaya.

Baada ya sasisho, kifaa kilekile, chenye sehemu zilezile na kinachocheza wimbo uleule, kinaweza kutoa sauti iliyo tofauti na ya awali. Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa na rahisi kupima, inaweza kuwa ndogo mno, au isiwepo kabisa. Yote hutegemea ni hatua gani ya kazi ya kigeuzi iliyoguswa na programu mpya.

== Kazi ya kigeuzi ==

Muziki ulio katika CD ni mfululizo wa namba. Diski hizo zilibuniwa na kampuni za Sony na Philips na kuanza kuuzwa mwaka 1982. Katika kila chaneli, sekunde moja ya muziki ina sampuli 44,100, na kila sampuli ina biti 16, yaani huonyesha ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Kigeuzi husoma namba hizo na kutoa volti zinazolingana nazo.

Kazi haiishii hapo. Sampuli zinapogeuzwa kuwa volti, kila sauti hupata kivuli chake upande wa juu wa nusu ya idadi ya sampuli, yaani juu ya hezi 22,050. Kwa mfano, sauti ya hezi 20,000 hupata kivuli kwenye hezi 24,100, kwa kuwa 44,100 ukitoa 20,000 hubaki 24,100. Sikio la binadamu halisikii kivuli hicho, lakini kinaweza kusumbua amplifaya na kuzaa upotoshaji unaosikika. Kwa hiyo kigeuzi huhitaji kichujio kinachopitisha sauti hadi karibu hezi 20,000 na kuzuia vilivyo juu yake.

Kujenga kichujio kikali namna hiyo kwa kapasita na koili ni kazi ngumu. Ndiyo maana vigeuzi vingi huongeza kwanza idadi ya sampuli mara 4, mara 8 au zaidi, kisha huchuja kwa hesabu. Hesabu inaweza kuandikwa upya bila kufungua kifaa, na hiyo ndiyo sababu kuu inayoipa programu dhibiti uwezo wa kubadili sauti.

== Mahali programu ilipo ==

Kigeuzi cha nyumbani huweza kuwa na programu katika sehemu tatu.

* '''Kipokezi cha USB.''' Chipu hii hupokea namba kutoka kwenye kompyuta. Nyingi hutengenezwa na kampuni ya XMOS ya Bristol, Uingereza. Programu yake ikisasishwa, kifaa kinaweza kukubali aina mpya za mafaili au kuacha kutoa mlio wa "tak" kati ya nyimbo. Namba za muziki zikifika kamili kabla na baada ya sasisho, hesabu ya sauti haijabadilika.
* '''Kompyuta ndogo ya udhibiti.''' Hii huendesha vitufe, kioo na rimoti. Pia huiambia chipu ya kigeuzi itumie kichujio kipi na kiwango gani cha sauti. Amri moja ikibadilishwa hapa, sauti hubadilika ingawa chipu yenyewe ni ileile.
* '''Chipu inayopangika.''' Aina hii, inayoitwa kwa kifupi FPGA, haina kazi maalumu inapotoka kiwandani. Kampuni ya Xilinx ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1985. Mtengenezaji wa kigeuzi akiitumia kwa uchujaji na ugeuzaji, sasisho huweza kubadili karibu hesabu yote ya sauti kwa mara moja.

Kwa hiyo maneno "programu mpya" peke yake hayaelezi mengi. Sasisho la rimoti na sasisho la kichujio ni mambo mawili tofauti.

== Njia ambazo sauti hubadilika ==

=== Kichujio ===

Hakuna kichujio kisicho na gharama. Kichujio kikali huhifadhi sauti za juu karibu zote na kuzuia vivuli vizuri, lakini mlio mfupi wa ghafla ukipita ndani yake huzungukwa na mitetemo midogo. Katika aina moja ya vichujio mitetemo hiyo hutokea kabla na baada ya mlio. Katika aina nyingine yote husukumwa baada ya mlio, lakini sauti za juu hucheleweshwa kidogo zikilinganishwa na za chini. Kichujio cha pole hupunguza mitetemo, lakini huanza kushusha sauti za juu mapema na kuruhusu sehemu ya vivuli kupita.

Baadhi ya vifaa, kama ADI-2 DAC ya kampuni ya RME ya Ujerumani, humwachia mtumiaji achague kichujio katika menyu. Vingine huwa na kimoja tu, na sasisho likikibadilisha mmiliki hana la kuchagua.

=== Kelele ya hesabu ===

Hesabu za ndani hutoa namba ndefu kuliko zinavyoweza kupokewa na hatua ya mwisho, hivyo lazima zifupishwe. Kufupisha huleta kosa dogo. Wabunifu huongeza kelele ndogo ya makusudi ili kosa hilo lisifuatane na muziki, kisha huisukuma sehemu kubwa ya kelele juu ya masafa yanayosikika. Njia hiyo ni ya lazima katika mfumo wa DSD, uliotumika katika diski za SACD kuanzia mwaka 1999. Mfumo huo una biti 1 tu kwa kila sampuli, lakini sampuli ni 2,822,400 kwa sekunde. Namna kelele inavyosukumwa ni hesabu pia, na sasisho linaweza kuiboresha au kuiharibu.

=== Kiwango cha sauti ===

Mabadiliko ya ukubwa wa sauti ndiyo yanayopotosha wasikilizaji kwa urahisi zaidi. Programu mpya inaweza kupunguza kiwango ili kuacha nafasi kwa vilele vinavyojitokeza kati ya sampuli, au ikakiongeza. Volti 2.00 zikiwa volti 2.12, ongezeko ni desibeli 0.5 hivi. Msikilizaji anaweza asitambue kwamba sauti imekuwa kubwa. Badala yake huiona "wazi zaidi" au "yenye uhai".

=== Masahihisho ya kasoro ===

Baadhi ya CD, hasa za miaka ya mwanzo, zilirekodiwa sauti za juu zikiwa zimeongezwa makusudi, kwa karibu desibeli 9.5 kwenye hezi 20,000, ili kifaa kizishushe wakati wa kucheza. Kigeuzi kisichotambua alama ya CD hizo huzicheza zikiwa kali mno. Programu inayorekebisha kasoro hiyo hubadili sauti ya diski hizo waziwazi, na haigusi nyingine.

=== Saa na kelele za umeme ===

Kigeuzi hutoa kila sampuli kwa mpigo wa saa ya fuwele. Mpigo ukiyumba, sauti hupata kasoro ndogo. Katika vifaa vingi programu ndiyo huamua saa ya ndani ifuate kwa ukaribu kiasi gani mpigo unaotoka nje. Tena, chipu inayofanya hesabu nyingi hutumia umeme kwa kushtukashtuka, na kelele hiyo inaweza kupenya hadi kwenye saa au kwenye hatua ya sauti. Njia hii inawezekana kiufundi, lakini athari yake katika kifaa kilichoundwa vizuri huwa ndogo sana, na ndiyo yenye ubishi mwingi.

== Mifano ==

Mfano unaojulikana zaidi ni DirectStream DAC, kilichotolewa mwaka 2014 na kampuni ya PS Audio ya Boulder, Colorado, Marekani. Kilibuniwa na Ted Smith. Badala ya kutumia chipu ya kigeuzi inayouzwa madukani, kinatumia FPGA kugeuza kila aina ya muziki kuwa mkondo wa biti 1 wa aina ya DSD. Kampuni ilitoa matoleo ya programu bila malipo, na kuyapa majina ya milima mirefu ya Colorado: Pikes Peak, Yale, Torreys, Huron, Redcloud, Snowmass, Windom na Sunlight. Mmiliki alipakua faili, akaliweka katika kadi ya kumbukumbu na kuichomeka nyuma ya kifaa. Aliyependelea toleo la zamani aliweza kulirudisha kwa njia hiyohiyo.

Kampuni ya dCS ya Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1987, nayo hutumia FPGA. Programu zake mpya zimebadilisha kanuni zinazogawa kazi kati ya vipande vingi vya mzunguko wake wa kugeuzia, ili tofauti ndogo kati ya vipande zisifuatane na muziki.

Mfano wa aina nyingine ni MQA, mfumo wa kufungasha muziki uliotangazwa mwaka 2014. Vigeuzi kadhaa vilivyokwisha kuuzwa, vikiwemo DragonFly vya AudioQuest, viliuongeza kwa sasisho. Mwaka 2023 kampuni ya MQA iliingia katika ufilisi na mali zake zikanunuliwa na Lenbrook ya Kanada. Mwaka 2024 huduma ya muziki ya Tidal iliacha mfumo huo na kutumia FLAC. Uwezo uliokuja kwa programu ulibaki ndani ya vifaa, lakini chanzo chake kikuu cha muziki kilikuwa kimeondoka.

== Kupima tofauti ==

Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ni fupi. Kusasisha kifaa huchukua dakika kadhaa, na msikilizaji anajua tayari kwamba kuna kitu kipya. Kwa sababu hizo mbili, kusikiliza leo na kulinganisha na jana si ushahidi wa kutosha. Njia zinazoaminika zaidi ni hizi:

# '''Kusawazisha kiwango.''' Volti za kutokea hupimwa kwa mita kabla na baada ya sasisho, kwa kucheza mlio mmoja usiobadilika. Mita nyingi za bei nafuu hupima vizuri masafa ya chini tu, hivyo mlio wa hezi 60 hufaa. Tofauti inayokubalika ni kama desibeli 0.1, yaani volti 2.00 dhidi ya 2.02.
# '''Kurekodi na kutoa.''' Sauti inayotoka hurekodiwa kwa toleo la zamani na kwa jipya, kisha rekodi moja hutolewa kwenye nyingine katika kompyuta. Kinachobaki ndicho tofauti. Kikiwa chini sana, kinaweza kuwa ni kelele ya kifaa cha kurekodia tu.
# '''Kusikiliza bila kujua.''' Katika jaribio la ABX, lililoelezwa na David Clark mwaka 1982, msikilizaji husikia A, B na X, kisha husema X ni ipi kati ya hizo mbili. Majibu 12 sahihi kati ya 16 hupatikana kwa kubahatisha mara 4 hivi tu katika kila majaribio 100.

Kwa kuwa kifaa kimoja hakiwezi kubeba matoleo mawili kwa wakati mmoja, jaribio la ABX huhitaji vifaa viwili vya aina moja, au rekodi nzuri za matoleo yote mawili.

== Mjadala ==

Ted Smith ameeleza kwamba hata mpangilio wa mizunguko ndani ya FPGA hubadili kelele, na kwamba huchagua kati ya matoleo yenye hesabu ileile kwa kuyasikiliza. Wahandisi wengi huuliza vipimo na majaribio ya kusikiliza bila kujua kabla ya kukubali madai ya aina hiyo. Hakuna ubishi, kwa upande mwingine, kuhusu kichujio, kiwango cha sauti na masahihisho ya kasoro, kwa kuwa hivyo huonekana katika vipimo vya kawaida.

Suala lingine ni la mmiliki. Mtu aliyenunua kigeuzi kwa sababu ya sauti aliyoisikia dukani anaweza kupewa sauti nyingine kwa sasisho, hasa pale kifaa kinapojisasisha chenyewe kupitia intaneti. Mtengenezaji anayeeleza kilichobadilishwa na kuacha matoleo ya zamani yapatikane humwachia mmiliki uamuzi. Asipofanya hivyo, mmiliki hana njia ya kurudi nyuma wala ya kuthibitisha anachosikia.

== Tahadhari ==

Umeme ukikatika katikati ya sasisho, kifaa kinaweza kushindwa kuwaka tena na kuhitaji fundi wa kampuni. Faili lazima liwe la modeli husika, na namba ya toleo la zamani iandikwe kabla ya kuanza. Masasisho mengine hurudisha mipangilio yote ya kiwandani, na kiwango cha sauti kinaweza kuwa cha juu kabisa. Hivyo amplifaya hupunguzwa au kuzimwa kabla ya kucheza wimbo wa kwanza, ili kulinda spika na masikio.