Mpangilio wa Maswali: Historia ya Michoro ya Maamuzi Ikitazamwa kutoka Makutano ya Reli ya Korogwe

Historia ya michoro ya maamuzi kwa kawaida husimuliwa kama sura ya historia ya kompyuta. Mwaka 1938 Claude Shannon alichapisha uchambuzi wa saketi za rilei kwa aljebra ya Boole. Mwaka 1959 C. Y. Lee alionyesha kwamba fanksheni ya Boole inaweza kuandikwa kama mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, na mwaka 1978 Sheldon Akers akaupa mfululizo huo sura ya mchoro. Mwaka 1986 Randal Bryant aliviweka vigeu katika mpangilio mmoja usiobadilika, akaunganisha sehemu za mchoro zinazofanana na kuyaondoa maswali yasiyoathiri jibu. Kutokana na hatua hiyo, kila fanksheni, kwa mpangilio uliochaguliwa, ina mchoro mmoja tu. Kuthibitisha kwamba kanuni mbili ni sawa kukawa ni kulinganisha michoro miwili.

Insha hii inadai kwamba kiini cha historia hiyo ni mpangilio wa maswali, na kwamba kiini hicho huonekana wazi zaidi katika usalama wa reli. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, kisha ikaendelea hadi Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mji wa Handeni uliachwa kando ya njia hiyo. Mwaka 1963 kipande kinachoanzia Ruvu kiliunganishwa na reli ya Tanga katika eneo la Mnyusi, wilayani Korogwe. Tangu hapo treni ziliweza kukutana kutoka pande tatu: Tanga, Moshi na Ruvu. Kila njia inayoongezwa huzidisha idadi ya hali ambazo kanuni za uendeshaji lazima zizitawale, na hali moja iliyosahaulika yatosha kuleta ajali.

Kanuni ya msingi ya reli ya njia moja ni kwamba kipande kimoja hakiingizwi treni mbili. Tuchukue kielelezo cha kihesabu chenye vipande 10. Kwa kila kipande yaulizwa maswali mawili: je, kina treni? Je, ishara ya kuingia iko wazi? Hatari ipo iwapo, katika kipande chochote, majibu yote mawili ni ndiyo. Vigeu ni 20. Kwa hiyo jedwali la ukweli lina safu 1,048,576.

Tukiuliza kipande kwa kipande, mchoro unahitaji nodi 20 tu za maamuzi. Kipande kikishapatikana kuwa salama, habari zake hazihitajiki tena, na swali linalofuata huanza upya. Lakini tukiuliza kwanza kuhusu treni katika vipande vyote, ndipo tuulize kuhusu ishara, nodi hufikia 2,046. Sababu ni kwamba mchoro hulazimika kukumbuka ni upi kati ya michanganyo 1,024 ya treni umetokea. Fanksheni ni ileile, na jibu ni lilelile. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuuliza.

Hoja hiyo yahusu matriki pia. Matriki ya utambulisho yenye safu 1,024 na nguzo 1,024 ina seli 1,048,576. Tarakimu za jozi za safu na za nguzo zikipangwa kwa kupishana, mchoro wake una nodi 30.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Mwaka 1991 Bryant alithibitisha kwamba kwa kuzidisha namba mbili, mchoro hukua kwa kasi ya kipeo katika mpangilio wowote. Mwaka 1996 Beate Bollig na Ingo Wegener walionyesha kwamba kuboresha mpangilio ni tatizo la kundi la NP-kamili. Kwa hiyo hatuna njia ya jumla ya haraka inayojulikana ya kuupata mpangilio bora. Maarifa ya anayeifahamu njia yenyewe hubaki na thamani.

Inahitimishwa kwamba ufupi wa mchoro hautokani na mashine pekee. Hutokana na kuviweka karibu vile ambavyo kazi yenyewe huviunganisha. Mtafiti atakayetaka kuhakiki kanuni za makutano kama ya Mnyusi aanze kwa kusoma utaratibu wa njia, kipande baada ya kipande, kabla ya kuandika programu.