Endelevu: kinabaki nini?

Mwaka juzi nililetewa kazi ya kutafsiri ripoti ya kampuni moja, kurasa arobaini na kitu, na neno "endelevu" lilikuwa humo karibu kila aya. Biashara endelevu, ukuaji endelevu, faida endelevu, hata uongozi endelevu. Nilipofika ukurasa wa kumi lilikuwa limegeuka pilipili manga: limenyunyizwa kila mahali, na aliyenyunyiza hakumbuki tena alitaka ladha gani. Nikampigia simu mhusika nikamuuliza: hii "faida endelevu", kinachoendelea ni faida yenyewe au ni msitu na maji yanayoizaa? Akacheka. "Mwalimu, wewe andika tu endelevu, watu wanaelewa."

Sina hakika. Neno lenyewe limeundwa vizuri, hilo nalikubali. Limefuata njia ileile iliyotupa tulivu kutoka tulia, vumilivu kutoka vumilia na sikivu kutoka sikia. Mvumilivu ni yule ambaye kuvumilia ni tabia yake, basi kitu endelevu ni kile chenye tabia ya kuendelea. Tangu Umoja wa Mataifa upitishe malengo yake 17 mwaka 2015, "Malengo ya Maendeleo Endelevu" yamebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi tu, na wachache waliosimama kuyasoma wamegundua kwamba maendeleo na endelevu ni watoto wa mama mmoja. Ni kama kusema kuendelea kunakoendelea.

Tena neno hili limegoma kuvaa ngeli. Tunasema kitambaa cheupe na njia nyembamba. Kwa kanuni hiyo ilitupasa kusema kilimo chendelevu na njia nyendelevu. Hakuna asemaye hivyo. Endelevu linatembea bila kiambishi kama safi na hodari, maneno ya kuja, ilhali lenyewe ni la nyumbani kabisa. Kwangu hiyo ni alama ya neno lililozaliwa mezani, kwenye mikutano, likapelekwa mtaani likiwa limeshavaa suti.

Lakini linaponipa shida hasa si kwenye sarufi. Endelevu linataja mwendo, halitaji kinacholiwa na mwendo huo. Linatuambia gari linakwenda. Tangi lina nini, halisemi.

Waliolianzisha wazo hili walianzia kwenye tangi. Hans Carl von Carlowitz alikuwa msimamizi mkuu wa migodi huko Freiberg, Saxony, katika Ujerumani ya leo. Migodi ya fedha ilikula miti kwa njia mbili: nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke, na makaa ya tanuri za kuyeyushia madini. Misitu ya karibu ikaisha, kuni zikawa za kufuatwa mbali, bei ikapanda. Mwaka 1713, mwaka mmoja kabla hajafa, alichapisha kitabu kikubwa juu ya upandaji miti, na humo akatumia neno nachhaltend. Ndani yake mna maana ya kushika kitu kwa ajili ya baadaye. Bwana huyu hakuwa mtetezi wa ndege na vipepeo. Alikuwa mtu wa mahesabu aliyeona kwamba mgodi unaweza kufungwa fedha ikiwa bado imo ardhini, kwa sababu ya kukosa mti tu. Kiingereza nacho kilichukua neno lenye asili ya Kilatini, la kushikilia kitu kwa chini kisianguke. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikalitia katika lugha ya dunia nzima: watu wa leo wakidhi haja zao bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi zao.

Kushika, kushikilia, kuachia wa kesho. Katika Kiswahili hayo yote yana kitenzi kimoja chepesi ambacho kila mama humwambia mtoto aliyeinamia sahani: bakiza.

Pwani tulikuwa na mgodi wetu wa namna hiyo, nao ni mikoko. Wenye biashara ile hawakusema "miti" tu. Walikuwa na fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kuanzia nyembamba hadi nene, na walihesabu kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Majahazi yalipakia Lamu na Rufiji, yakangoja kusi, yakaelekea Oman na Ghuba, nchi zisizo na mbao za kujengea. Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani pale Lamu ukashangaa kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, tazama juu: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Fundi hakuwa na njia ya kuuzidi.

Sasa fikiria agizo la mteja. Kila mwenye nyumba anataka boriti, tena iliyonyooka. Mkataji anaingia mkondoni na shoka, anachagua iliyonyooka, anaacha iliyopinda. Mwakani vilevile. Ukipita kwa mtumbwi msitu unauona umejaa, kijani kibichi, mizizi imekita topeni. Ila ndani yake zimebaki fito changa na mikongwe iliyojisokota, ile safu ya katikati yenye soko haipo. Kwa sarufi ya kawaida, biashara ile ilikuwa endelevu sana: iliendelea, tena karne kwa karne. Kwa maana ya Carlowitz haikuwa, maana mkataji hakupima boriti ngapi zinakua kwa mwaka kabla ya kusema ngapi zikatwe. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje ya nchi.

Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wameigeuza hesabu ile. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayozuiwa na miti hiyo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Sehemu inayonivutia mimi si hiyo ya hewa ukaa. Ni kwamba walipanda pia mvinje, ili mtu anayehitaji mti wa kujengea au kuni asiwe na sababu ya kurudi kwenye mkoko. Ukimkataza mtu kukata bila kumpa cha kukata, atakwenda kukata kwa jirani, na hewa ile uliyoiuza kuwa imezuiwa itatokea huko.

Kampuni zinazouliza zianzie wapi kubakiza mara nyingi hutarajia jibu la gharama: paneli za jua paa zima, magari ya umeme. Huenda. Lakini mtaani kwetu kuna mama mwenye tanuri la mikate ambaye naamini anaweza kuwafundisha. Zamani lori lilimletea kuni mbichi, zikaingia tanurini zikilia na kutoa povu kwenye ncha, moshi ukajaa hadi kwa majirani, na mikate ya alfajiri ikachelewa. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unaanza kwa kuyachemsha yale maji na kuyapandisha hewani, ndipo unapata nafasi ya kuushughulikia mkate. Mama alikuwa akilipia maji kwa bei ya kuni. Sasa hununua mapema, hupasua, hupanga kwa kupishanisha chini ya mabati ili upepo upite, na huzigonga mbili pamoja: zikitoa mlio mkavu, tayari. Lori lililokuwa likija kila wiki sasa hupitisha wiki halijaitwa. Nilipomuuliza kama hii ndiyo biashara endelevu alinitazama kama niliyemwuliza kwa Kijerumani. "Kuni zinabaki," akasema. "Na pesa inabaki."

Wapo watakaongoja sheria iwalazimishe. Waliouza mifuko ya plastiki wanaijua ladha yake: Kenya ilipiga marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilishawatangulia wote tangu 2008. Siku moja bidhaa iko rafu ya mbele, siku ya pili ni kosa kuishika. Aliyekuwa ameshaanza kushona vikapu na kuuza mifuko ya kitambaa alipata wateja. Mwenzake alibaki na stoo.

Watafsiri wengine wamejaribu kulikwepa neno lenyewe. "Rafiki wa mazingira" silipendi. Urafiki haupimwi, kila mtu ni rafiki wa kila mtu siku ya sherehe. "Biashara ya kijani" ni rangi tu, na tumeona jinsi msitu uliochaguliwa boriti zote unavyoweza kuwa kijani. "Ya kudumu" ni zuri pale jambo lenyewe ndilo linalodumu, kama faida au ajira. Lakini pale panapozungumzwa kinacholiwa, yaani maji, miti, samaki, udongo, mimi nataka neno linalobakiza.

Kwa hiyo nilipoirudisha ile ripoti nilikuwa nimeandika "faida ya kudumu", "uvuvi unaobakiza", "matumizi ya maji yanayobakiza", na kwenye jedwali la mwisho nikaongeza safu yenye kichwa "Kilichobaki", mbele ya ile ya "Kilichotumika". Baada ya wiki ikarudi. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kote, endelevu limerudishwa mahali pake mara zote, na safu yangu imefutwa kwa mistari miwili. Isipokuwa kwenye mstari wa kuni. Pale mtu, sijui nani, alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "Hii tuulize kiwandani, hatujawahi kupima."