Kuku wa Uani na Adui Wake

Ndugu mkulima, tukipita vijijini swali ni lile lile: "Mtaalamu, nataka kuanza kufuga kuku hapa uani kwangu, ninunue wangapi?" Leo sitakujibu upesi. Kwanza tuitazame historia ya huyo kuku mwenyewe. Ndani yake limo jibu lako, na limo pia kosa letu sisi wataalamu.

Kuku hakuumbiwa banda. Asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndege mdogo, mwoga, anayelala juu ya miti. Watu wa huko hawakwenda kumsaka ili wamfuge. Yeye ndiye aliyewafuata. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 unaeleza kwamba mifupa ya zamani kabisa ya kuku wa kufugwa imepatikana mahali paitwapo Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, na ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wakati huo wakulima wa sehemu zile walikuwa wakipanda mpunga wa nchi kavu na nafaka nyingine. Nafaka ikimwagika, ndege wakaja kuokota. Wakazoea, wakabaki.

Kwa hiyo unapomwona tetea wako akichakura penye kinu baada ya mama kutwanga, ujue anafanya kazi ile ile iliyomleta kwa binadamu tangu mwanzo. Chakula chake kikubwa ni kile usichokitumia wewe: pumba, chenga, mchwa, wadudu, majani.

Kwetu Afrika Mashariki kuku alifika kwa njia ya bahari, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mifupa yake Unguja Ukuu, huko Zanzibar, mji uliokuwa na shughuli nyingi tangu karne ya 7 na ya 8. Panya mweusi naye alikuja kwa vyombo hivyo hivyo, lakini huyo hatukumwalika! Kuku akaingia bara, akawa wa kila mtu. Sikiliza majina: Msukuma husema ngoko, Mhaya enkoko, Mnyarwanda inkoko, Mchewa nkhuku. Ni kama neno moja lililotembea toka kijiji hadi kijiji.

Akawa kuku wa mgeni, wa mahari, wa tambiko, wa mgonjwa aliyeamka kitandani. Zaidi ya yote akawa mali ya mama na watoto. Ng'ombe alikuwa wa baba, lakini kuku mama aliweza kumkamata na kumpeleka gulioni bila kuitisha kikao. (Firigisi, hata hivyo, katika nyumba nyingi iliendelea kwenda kwa baba. Hayo tuyaache.)

Sasa tuje kwenye adui. Mwaka 1926 kuku walianza kufa kwa wingi katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo wakafa Uingereza, karibu na mji wa Newcastle upon Tyne. Daktari wa mifugo aitwaye Doyle aliandika habari zake mwaka 1927, na tangu hapo duniani ugonjwa unaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1935 ukaandikwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, karibu na Mombasa. Baadaye ukapanda bara, kwa sababu kuku husafiri ndani ya matenga, na kirusi husafiri pamoja nao. Sisi tunauita mdondo, wengine huuita kideri. Dalili zake unazijua: kuku amezubaa, mabawa yamelegea, anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda. Ukiingia katika uwanja ambao kuku hawajachanjwa, unaweza kuwamaliza karibu wote kwa muda wa wiki moja.

Wazee wengi walisema ni upepo wa kiangazi. Hawakukosea sana, maana miezi ya ukame ndiyo mdondo huvuma zaidi. Ila upepo si chanzo. Tazama tunachokifanya wenyewe: kuku wa kwanza akizubaa, tunawahi kuuza waliobaki kabla hawajafa. Mnunuzi anawabeba hadi kijiji cha pili, na huko nako mambo yanaanza. Simlaumu mama aliyefanya hivyo, kwani alitaka aokoe japo shilingi mbili tatu. Lakini ndivyo moto ulivyopelekwa mlango hadi mlango.

Na sisi wataalamu je? Baada ya uhuru, katika nchi nyingi za Afrika, shauri lililotolewa kwa mkulima lilikuwa abadili damu ya kuku wake. Wakaletwa majogoo wa kigeni, hasa wale wekundu wa Rhode Island, kutoka jamii iliyokuzwa Marekani. Jogoo mzuri kweli, mzito, wa kupendeza macho. Mkulima aliambiwa aondoe jogoo wake, amweke huyu, ajenge na banda. Mdondo ulipokuja ukamfagia jogoo wa kigeni na mitetea wa kienyeji kwa pamoja. Mkulima akabaki na banda tupu, na akawa na haki ya kutuuliza tulimfundisha nini. Naona aibu kidogo kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: tulianza na jogoo badala ya kuanza na ugonjwa.

Chanjo zilikuwapo tangu miaka ya 1940. Shida yake ni kwamba nyingi zilihitaji ubaridi wa jokofu njia nzima, na chupa moja ilikuwa ya kuku 1,000. Mama mwenye kuku 8 aifanyie nini? Mabadiliko yalitoka Australia. Huko, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walishughulikia virusi vya mdondo visivyo vikali na vinavyovumilia joto. Katika miaka ya 1990 wakatoa mbegu ya chanjo iitwayo I-2, na nchi zinazoendelea zikapewa bila malipo ili zijitengenezee zenyewe. Hapa Tanzania ilitengenezwa Temeke, Dar es Salaam, katika maabara ya mifugo ya serikali. Inavumilia safari ya siku kadhaa ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Usiiache juani.

Haya, sasa swali lako. Anza na mitetea 4 au 5 na jogoo 1, wa hapo hapo kwenu, wenye afya. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia siku 21, na kwa mwaka hurudia kama mara 3. Si haba, ikiwa watakaototolewa watapona. Wape mahali pa kulala palipoinuka, pasipoingia kicheche, na maji safi kila siku. Vifaranga uwafunike kwa tenga wiki za mwanzo, mwewe hana huruma. Banda la bati lisubiri.

Kabla ya hayo yote, chanja. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga sawasawa na kwa jogoo mkubwa, na urudie kila baada ya miezi minne. Chanjo haiponyi kuku aliyekwisha kuugua, na huchukua kama wiki mbili kupata nguvu mwilini, basi ufanye mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya miezi ambayo mdondo huja kwenu. Kuku mgeni umtenge kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Na kwa kuwa chupa moja bado ni ya kuku wengi kuliko wako, ongea na majirani wa pande zote nne, mchange fedha, mchague siku moja, mkawachanje alfajiri kabla kuku hawajatoka kwenda kuchakura.