TULIKOTOKA: SABUNI, YOWE NA SANDUKU LETU



Sisi akina mama wa Kirando tumeombwa tueleze historia ya kikundi chetu kinachotimiza miaka kumi. Tumeona tusianze na sanduku la fedha. Tunaanza na miaka ya shida, maana huko ndiko tulikojifunza kuwa ukarimu na ulinzi havitengani.

Wengi wetu tulikuwa watoto wakati nchi imechoka baada ya Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni hakuna, dizeli hakuna, na sisi huku mwambao wa Ziwa Tanganyika tuko mwisho wa njia. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vya foleni. Mwaka 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, lakini nyumbani sabuni bado hapana. Mama zetu walifulia majani ya mpapai. Kikipatikana kipande cha sabuni, wanakikata kwa uzi, wanagawana nyumba tatu.

Shida huzaa wizi. Huko Unyamwezini na Usukumani, kuanzia mwaka 1981 na 1982, wananchi waliunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi. Yowe likipigwa, kila mtu atoke. Jambo hilo likaenea mikoa mingine, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata. Sungusungu walisaidia sana. Lakini tuseme kweli, mahali pengine walipiga wasio na hatia, na wanawake wazee wakateswa kwa kuitwa wachawi. Rungu peke yake halijui nani ana kosa.

Mama zetu walikuwa na ulinzi wao, nao ni kuangalia moshi. Nyumba isiyotoa moshi jioni, anatumwa mtoto na bakuli la unga, anafundishwa aseme, "Mama anarudisha ule aliokopa." Hakukuwa na deni lolote. Ilikuwa ni ili mwenye nyumba asione haya. Walijua kuwa mwenye njaa hana miiko.

Basi miaka kumi iliyopita tukaanza kununua hisa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelaza sanduku kwake hana ufunguo hata mmoja. Pembeni tuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024. Uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Lengo lilikuwa zuri, ila tumbo halifungwi. Mwanika dagaa hana cha kuanika, mama wa chai pale mwaloni hana mteja. Baadhi yetu walitaka tuvunje sanduku tugawane. Tulibishana mpaka jua likazama. Mwisho tukakubaliana: marejesho yasubiri bila faini, mfuko wa jamii ununue unga, na wawili wawili wapite nyumba za wanachama.

Usiku mmoja likapigwa yowe. Kijana kakamatwa na debe la mahindi la mwenzetu, na watu wameshaokota mawe. Mwenye mahindi mwenyewe akasimama mbele ya kijana, akasema, "Mkimuua, mahindi yangu hayataongezeka. Twendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji." Wakaenda.

Kesho yake tulikwenda kwao kijana. Jiko lilikuwa la baridi, na wadogo zake hawajala tangu juzi. Kumbe wenzetu wawili walikuwa wanapita mlangoni pale kila jioni kupeleka unga nyumba ya pili, hawakusimama kwa kuwa mama wa pale si mwanachama. Tuliona aibu sana. Mama zetu hawakuuliza uanachama, waliangalia moshi.

Tangu siku ile, kila kikao baada ya kuhesabu hisa tunaulizana: nani kaona nyumba isiyo na moshi? Tunaomba swali hili lisife miaka kumi ijayo, hata kama sanduku litajaa. Kufuli tatu zinalinda fedha, lakini sisi wenyewe tunalindwa na jirani.

Umoja ni nguvu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote