Harusi Msimu wa Noeli: Kilichofungwa Kilikuwa Sherehe

Husemwa mara nyingi kwamba Kanisa Katoliki halifungishi ndoa tangu Majilio hadi Noeli ipite. Dai hilo lina asili ya kweli, lakini linachanganya mambo mawili ambayo vitabu vya Kanisa viliyatenganisha kwa makusudi: ndoa yenyewe, na shamrashamra zinazoizunguka.

Katazo la kwanza halikuhusu Noeli hata kidogo. Sinodi ya Laodikea, katika karne ya 4, ilizuia harusi wakati wa Kwaresima tu. Majilio yaliongezwa baadaye katika Kanisa la Magharibi, na kufikia karne ya 11 sinodi za Ujerumani zilikuwa zikizuia harusi tangu mwanzo wa Majilio hadi siku nane baada ya Epifania. Makanisa ya Kiorthodoksi yalishika njia yao. Mfungo wao wa siku 40 kabla ya Noeli hauna harusi, na kwa desturi wengi wao hungoja hadi Epifania.

Uingereza ndiko ugomvi ulikopamba moto. Huko, harusi zilizuiwa tangu Majilio hadi tarehe 13 Januari, kisha zikazuiwa tena kuanzia wiki chache kabla ya Kwaresima. Aliyetaka kuoa katikati ya kipindi hicho alihitaji kibali cha askofu, na kibali kililipiwa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha William Shakespeare, mwandishi ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata kupitia tafsiri za Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mwishoni mwa Novemba 1582 kijana huyo wa miaka 18 aliombewa kibali huko Worcester ili amwoe Anne Hathaway. Wakulima wawili wa Stratford waliweka dhamana ya pauni 40, na ndoa ikaruhusiwa kutangazwa kanisani mara moja badala ya mara tatu. Majilio ya mwaka huo yalianza tarehe 2 Desemba, kwa hiyo matangazo matatu yasingekamilika kabla ya mlango kufungwa, na Januari ilikuwa mbali mno kwa bibi harusi mwenye mimba ya miezi mitatu hivi. Mtoto wao Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583.

Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali, waliona utaratibu huo kuwa biashara tupu. Kama kuoa Desemba ni kosa, waliuliza, fedha inaliondoaje kosa hilo? Na kama si kosa, kibali ni cha nini? Hoja hiyo haikupata jibu la kuridhisha wakati ule. Mwaka 1575 mkutano wa makasisi wa Uingereza uliandaa kifungu cha kutangaza kwamba ndoa inaweza kufungwa wakati wowote wa mwaka, lakini Malkia Elizabeth wa Kwanza hakukipa idhini, na katazo likabaki likining'inia bila sheria mpya ya kulitetea wala ya kuliondoa. Mwaka 1627 John Cosin, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Durham, aliorodhesha nyakati zilizofungwa katika kitabu chake cha sala, na wapinzani wake wakamshutumu kwa kurudisha mambo ya Roma. Kisha Bunge likapiga marufuku sikukuu ya Krismasi yenyewe mwaka 1647, na mwaka 1653 likaihamishia ndoa kwa mahakimu. Ufalme uliokuwa umefutwa uliporudi mwaka 1660, daftari za parokia zinaonyesha kwamba watu waliendelea kuukwepa mwezi Machi kwa sababu ya Kwaresima, lakini woga wa kuoa Desemba ulikuwa ukififia.

Wako wanaoeleza kwamba desturi nzima ilikuwa mabaki ya ushirikina wa kipagani. Maelezo hayo hayana uzito. Ni shutuma ya zamani iliyotungwa katikati ya mabishano, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliijibu kwa kulaani yeyote atakayesema hivyo. Mtaguso huohuo, katika kikao cha 24 cha tarehe 11 Novemba 1563, uliamuru kwamba sherehe za harusi zisifanywe tangu Majilio hadi Epifania, na tangu Jumatano ya Majivu hadi oktava ya Pasaka.

Chanzo kinachosahaulika ni Rituale Romanum ya mwaka 1614, kitabu cha ibada kilichoandaliwa kwa ajili ya mapadre. Kitabu hicho kinataja mambo matatu yaliyozuiliwa katika nyakati hizo: kubariki harusi, kumsindikiza bibi harusi kwa maandamano, na kufanya karamu. Kisha kinaongeza wazi kwamba ndoa inaweza kufungwa wakati wote. Wawili waliopeana ahadi mbele ya paroko na mashahidi tarehe 20 Desemba, bila ngoma na bila pilau, walikuwa mume na mke halali. Kanisa halikuwa na shaka juu ya ndoa katika majira hayo. Liliogopa kelele.

Uingereza ya viwanda iliigeuza desturi ya kukwepa Noeli juu chini. Hadi mwaka 1886 ndoa ilipaswa kufungwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, na mfanyakazi aliyekwenda kanisani saa hizo siku ya kazi alipoteza ujira wake. Sikukuu zilikuwa chache, na Krismasi ilikuwa mojawapo. Katika parokia za mitaa maskini, siku ya Krismasi ikawa siku ya foleni za maharusi, jozi nyingi zikifungishwa ndoa kwa pamoja. Waliowacheka kwa kukosa adabu ya ibada hawakuwahi kukatwa mshahara wa siku.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii ikiwa chini ya Trento. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walifuata Rituale ileile, na kwa nusu karne Wakatoliki wa kwanza wa pwani na bara hawakujua utaratibu mwingine. Mabadiliko yalikuja na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917, ulioanza kutumika tarehe 19 Mei 1918. Kanuni yake ya 1108 ilirudia kwamba ndoa hufungwa wakati wowote wa mwaka. Baraka kuu ilizuiliwa kuanzia Majilio hadi siku ya Noeli yenyewe, na siku zilizofuata zikaachwa huru. Hata ndani ya Majilio, askofu aliweza kuruhusu baraka hiyo kwa sababu ya haki, mradi maharusi waonywe wasizidishe fahari.

Badiliko hilo dogo lina maana kubwa kwa familia za leo. Siku baada ya Noeli ndizo ambazo shule zimefungwa, Wachagga wamerudi kwao Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam na Arusha, na wajomba na mashangazi wako nyumbani bila kutumiwa nauli. Ndizo siku ambazo Trento ilizifunga, na ambazo 1917 ilizifungua.

Mkusanyo wa 1983 hauna nyakati zilizofungwa. Ibada ya sasa inamtaka paroko awashauri maharusi wazingatie hali ya siku za toba, hasa Kwaresima, na inazuia ndoa siku ya Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu. Parokia inayokataa harusi katika Majilio inafuata mpango wa jimbo au wake yenyewe, ambao unaweza kuwa na sababu nzuri, na yafaa maharusi waambiwe hivyo badala ya kuambiwa kwamba ni amri ya Kanisa lote. Kuhusu siku za tangu 26 Desemba hadi Epifania, sheria ya Kanisa lote haijazuia baraka ya harusi tangu mwaka 1918.