Mguu wa Kuku: Nani Anaruhusiwa Kubeba Bunduki Kenya, na Mbona Bado Tunavutana?

Jibu hili swali haraka kabla uendelee kusoma, na usiulize simu. Je, Katiba ya Kenya inakupa haki ya kumiliki bunduki?

Kama umesema ndiyo, pole msee, umetazama muvi nyingi za majuu. Wamarekani ndio waliandika hiyo haki kwenye katiba yao tangu 1791, na leo bunduki zilizo mikononi mwa raia wao zimepita idadi ya watu wenyewe. Huku kwetu, soma Sura ya Nne ya Katiba ya 2010 yote. Haki ziko nyingi: uhai, mali, faragha, dini. Silaha utaipata kwenye Kifungu cha 37, na hapo inatajwa ikikatazwa. Una haki ya kuandamana, lakini kwa amani na bila silaha.

Kwa hivyo ukiskia mtu kwa baze akisema "ni haki yangu kuwa na mguu wa kuku", mwambie apunguze. Kenya bunduki ni ruhusa. Unaomba, unapewa au unanyimwa, na ukipewa bado inaweza kuchukuliwa. Sheria yenyewe ni Sheria ya Silaha, ile mawakili huita Cap 114. Na vita yote tunayopigana kuhusu bunduki nchi hii, kutoka Kanairo hadi Kapedo, ni kuhusu kitu kimoja: sirkali inamwamini nani?

Hapa Nax na huko juu Rift, jibu la hilo swali lina historia chafu. Twende pole pole.

Sheria ya enzi za mbeberu

Cap 114 ilianza kutumika mwaka wa 1954, Hali ya Hatari ikiwa imewaka. Wakati huo masetla wa Rift Valley walikuwa wanakula dinner na bastola kiunoni. Mwafrika akipatikana na bunduki, sheria za Hali ya Hatari zilisema kamba.

Watu wengi hudhani Dedan Kimathi alinyongwa kwa kesi ya kuua. Zii. Alishikwa Oktoba 1956, akapelekwa korti Nyeri, na kosa lililomuua ni kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Bunduki ya setla ilikuwa ya kujilinda, bunduki ya Kimathi ilikuwa kifo. Hiyo fikra usiione ni ya kitambo sana.

Kilichotokea Soysambu

Ukitoka Nairobi kuja Nakuru, ukishapita Gilgil, upande wa kushoto unaona Ziwa Elementaita. Ile ardhi kubwa inayolizunguka ni ranchi ya Soysambu, ya familia ya Lord Delamere. Kama ulizaliwa baada ya 2000 labda hii stori uliipata nusu nusu, kwa hivyo wacha niipige yote.

Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mrithi wa hiyo familia, alimpiga risasi Samson ole Sisina ndani ya ranchi. Sisina alikuwa askari wa KWS, na yeye na wenzake walikuwa wamevaa kiraia wakichunguza biashara ya nyama ya porini. Cholmondeley alisema alidhani ni majambazi. Alishtakiwa kwa mauaji, kisha Mei mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akaitupa kesi kabla hata ishike moto. Wamaasai waliingia barabarani kwa hasira.

Mei 2006, mwaka mmoja tu baadaye, ranchi ni ileile na mtu ni yuleyule. Safari hii aliyekufa ni Robert Njoya, fundi wa mawe na baba wa watoto, aliyekuwa ameingia na wenzake na mbwa kutafuta swara. Cholmondeley alisema alikuwa analenga mbwa. Kesi ilivutwa miaka mitatu akiwa rumande. Mei 2009 Mahakama Kuu ikampata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamwongeza miezi minane. Oktoba mwaka huohuo akawa ametoka. Alifariki 2016 baada ya upasuaji.

Sasa cheki. Kesi zote mbili hazikuwa za bunduki haramu. Hakuna aliyeshangaa kwamba mwenye ranchi ako na bunduki. Kilichokuwa kinapimwa ni kujitetea, na Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, hadi leo, kinasema kujitetea kupimwe kwa sheria ya kawaida ya Uingereza: nguvu unayotumia iendane na hatari iliyo mbele yako. Mtu akikuingilia shambani kuiba swara, je, hiyo ni hatari ya kufyatua? Watu wa Gilgil walikuwa na jibu lao. Korti iliichukua miaka mitatu.

Hii ndio point kali zaidi ya upande unaotaka sheria ikazwe. Leseni inaangalia kama wewe ni mtu mzuri siku ile unaomba. Haiangalii utafanya nini siku ile umeogopa au umekasirika.

Lakini wenye leseni nao wako na point

Usiwachekelee. Septemba 21, 2013, magaidi walipoingia Westgate na kuua watu 67, mmoja wa wale wa kwanza kuingia kuokoa watu alikuwa raia na bastola yake, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Yeye na wengine wachache wenye leseni, pamoja na makarao wachache, walitoa familia nzima nzima kabla vikosi vikubwa vijipange. Na vile vikosi vilipofika, vilichanganyikiwa hadi vikapigana risasi vyenyewe kwa vyenyewe.

Songa mbele hadi Desemba 2018. Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani, anatangaza kwamba kila raia mwenye leseni ya bunduki atapigwa msasa upya ndani ya siku 90. Wengi wanaskia kama wameitwa wahalifu. Kabla hata mwezi uishe, Januari 15, 2019, DusitD2 inavamiwa na watu 21 wanauawa. Kwenye picha za siku ile unawaona tena, raia na bastola zao wakikimbia kuelekea kule kila mtu anatoka.

Kwa hivyo wenye leseni wanauliza: mbona sisi tuliojiandikisha, tukatoa alama za vidole, ndio tunabanwa? Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, halali na haramu pamoja. Zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo. Kumpiga msasa mwenye cheti, wanasema, ni kama kutafuta funguo chini ya taa ya barabara kwa sababu hapo ndipo kuna mwangaza, na zilianguka kwenye mtaro.

Mimi nakubaliana nao nusu. Kuhusu utaratibu wako sawa kabisa: Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema ofisi ya serikali ikikuchukulia hatua lazima ikutendee haki, na ikupe sababu kwa maandishi. Leseni haifai kufutwa juu umekosana na mkubwa. Lakini kusema msasa wenyewe ni dhuluma, hapo nawaachia. Hata dereva wa matatu hukaguliwa.

Panda gari ya Marigat

Hapa ndio hii mjadala hubadilika rangi. Kutoka stage ya Nakuru hadi Marigat ni karibu kilomita 100, safari ya asubuhi tu. Ukifika huko, ukiendelea kuelekea Mukutani au Mochongoi, hakuna mtu anaongea kuhusu bastola ya kiunoni. Wanaongea kuhusu AK-47 na G3, na kuhusu shule zilizofungwa juu ya wezi wa mifugo.

Huko sirkali ilikuwa na mpango wake: polisi wa akiba, wale NPR. Wako kwenye Kifungu cha 110 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ni wenyeji, wanajua kila njia ya mbuzi, na kwa miaka mingi walipewa bunduki bila mshahara. Soma hapo tena. Mtu analinda kijiji na silaha ya serikali, bure, na anarudi nyumbani kulala njaa. Unashangaa mbona wengine walilaumiwa kwa kuzitumia vibaya?

Mwaka wa 2019 sirkali ikakusanya bunduki za polisi wa akiba, ikisema inataka kuwachuja. Waliorudisha ni wale waliokuwa wanajulikana, kwa sababu bunduki zao ziko kwenye daftari. Mwizi wa mifugo hana daftari, kwa hivyo alibaki na yake. Ndio maana ukiongea na mtu wa Baringo Kusini kuhusu kupunguza bunduki, anakuangalia vibaya. Kwake hilo neno linamaanisha jirani yako amebaki na silaha na wewe umebaki na fimbo.

Februari 2023 Kithure Kindiki, akiwa waziri, alitangaza kaunti sita, Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, kuwa na maeneo hatari, akawapa wenye silaha haramu siku tatu wazirudishe, na jeshi likaingia kusaidia polisi. Baadaye polisi wa akiba wakaanza kurudishwa. Tulizunguka tukafika palepale.

Na usidhani kutumia nguvu peke yake ni rahisi. Novemba 2012, polisi waliotumwa bonde la Suguta karibu na Baragoi kufuata mifugo walivamiwa, na zaidi ya 40 wakauawa. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 pale Ngong, moshi ukaonekana kwa TV. Ukilinganisha na ile 750,000, hesabu fanya mwenyewe.

Na bunduki ya serikali je?

Hii watu huisahau. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 vya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 vilikuwa vya risasi. Sehemu kubwa ya lawama ya hizo risasi iliangukia polisi. Na hapa hapa Nax, Julai 2021, koplo Caroline Kangogo alishukiwa kumuua polisi mwenzake kwa gari, kisha mwanaume mwingine Juja, kabla apatikane amekufa kwao Elgeyo Marakwet. Sheria ikitaka kupima akili ya raia mwenye bastola moja, basi ianze na wale wanaokabidhiwa bunduki kila asubuhi.

Wewe wa mtaa, hii ndio yako

Kama unaishi Kivumbini, Kaptembwo au Rhonda, uwezekano wa wewe kuomba leseni ni mdogo. Uwezekano wa beshte kukuambia "nishikie hii bag hadi kesho" ni mkubwa zaidi. Skiza vizuri.

Kupatikana nayo ni kosa, hata kama hujawahi kuifyatua. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mkiwa kikundi, na mmoja ako na kitu huku wengine mnajua na mmekubali, basi nyote mnahesabiwa mko nacho. "Si yangu" haitakusaidia kama ulijua. Ikiwa ni AK-47, G3 au aina hiyo bila kibali, Cap 114 inaruhusu kifungo cha maisha. Mwenye bunduki halali akikodisha yake kwa uhalifu, anaingia hapo pia. Na usione bunduki bandia ni mchezo, ukiitumia kutisha mtu au kukataa kushikwa, sheria inaihesabu.

Ukitaka ya halali, ombi linaenda kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyoundwa na mabadiliko ya sheria ya usalama ya 2014. Utahitaji good conduct kutoka DCI, na kamati za usalama za kwenu zitakuangalia. Sheria inataka usiwe mlevi, usiwe na shida ya akili, usiwe hatari kwa umma, na uwe na sababu nzuri.

Hiyo sababu nzuri ndio kisiki. Mwenye ranchi ako nayo. Mwenye duka la dhahabu ako nayo. Mathe wa kibanda aliyeibiwa mara mbili mwaka huu pale Kaptembwo, akitoka kazini saa nne usiku, anaweza kuiandika kwa fomu kama wengine. Sijawahi kukutana na mmoja aliyeipata.