Kuleta bidhaa kutoka nchi jirani: Mzigo una hati yake, na mwenye mzigo ana yake

Mfanyabiashara mdogo wa Mbarara au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anayetaka kuleta mchele au dagaa kutoka Tanzania halazimiki kuwa na kampuni kubwa. Anachohitaji ni hati sahihi: moja ya mzigo, nyingine yake mwenyewe. Anayezichanganya anaweza kupoteza mzigo au, ikiwa ni mkimbizi, hadhi yake.

Hati ya mzigo

Chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa katika nchi mwanachama na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, husamehewa ushuru wa forodha. Mwenye mzigo hupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa maafisa wa forodha mpakani, kwa mfano Mutukula. Risiti ya ununuzi humsaidia kuthibitisha thamani.

Msamaha huo haufuti kodi nyingine wala ukaguzi. Nafaka huhitaji cheti cha afya ya mimea. Samaki na mazao ya mifugo yana vyeti vyake. Mitumba iliyotoka nje ya Jumuiya hainufaiki, hata ikinunuliwa Tanzania. Mzigo unaozidi kiwango hicho hufuata utaratibu wa kawaida, kupitia wakala wa forodha.

Hati ya mwenye mzigo

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya biashara na kusafiri ndani ya nchi. Hata hivyo, kitambulisho cha mkimbizi si pasipoti. Ili kuvuka mpaka, anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na viza pale inapotakiwa.

Hati hiyo si ya kumrudisha katika nchi aliyoikimbia. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini uanachama huo haubadili kanuni hii: mkimbizi anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi.

Asiye na hati ya kusafiria anaweza kununua bidhaa kwa mwagizaji wa Mbarara na kuziuza Nakivale. Safari hiyo haivuki mpaka, hivyo haihitaji cheti cha forodha. Adai risiti na kuitunza.